Daktari wa sanduku la buluu na wale waliomtunza

 

Swali la mwezi huu tumeletewa na wazazi, tena si mzazi mmoja. Wanasema hivi: watoto wetu wakitoka shule, mbio hadi kwenye banda la vidio. Wakirudi jioni hawana habari nyingine ila ya mtu mmoja anayeruka angani ndani ya sanduku la buluu. Wameshakuwa mashabiki. Je, tuwaache au tuwakataze?

Sisi tunasema, kabla ya kukataza kitu ni vizuri kwanza kukijua. Kwa hiyo leo tukae pamoja tuifahamu hadithi hiyo: imetoka wapi, inapendwa kwa nini, na mtu akiwa mshabiki wake anapata nini. Wazazi mtashangaa kidogo. Ndani yake kuna jambo linalotuhusu sana sisi watu wa kambini.

NI HADITHI GANI HII?

Jina lake ni Doctor Who, yaani Daktari Nani. Ni tamthilia ya televisheni ya Uingereza, au kama vijana wanavyosema, sizoni. Ilianza kuoneshwa na BBC siku ya Jumamosi, tarehe 23 Novemba 1963. Jana yake Rais Kennedy wa Marekani alikuwa ameuawa, na watu walikuwa bado wanafuatilia habari hiyo. Wiki iliyofuata BBC ikabidi irudie sehemu ya kwanza kabla ya kuonesha ya pili.

Mtu mwenyewe anaitwa Daktari tu. Jina lake la kweli halijulikani. Anafanana na binadamu lakini ni mtu wa sayari nyingine. Anasafiri kwa chombo kiitwacho TARDIS, ambacho kwa nje ni kibanda cha buluu, mfano wa vile vibanda vya simu za polisi vilivyokuwa barabarani Uingereza zamani. Ukifungua mlango, kumbe ndani ni pakubwa kuliko nje! Chombo hicho kinaweza kwenda sayari yoyote na wakati wowote, iwe jana, kesho au miaka elfu iliyopita. Daktari hatembei na bunduki. Akiingia mahali penye dhuluma, anatumia akili, maneno na ujasiri.

Sasa sikilizeni jambo la pili. Daktari akikaribia kufa hafi. Mwili wake unabadilika, anapata sura mpya na tabia mpya kidogo, lakini kumbukumbu zake ni zile zile. Jambo hilo lilibuniwa mwaka 1966 kwa sababu ya shida ya kawaida kabisa. Mwigizaji wa kwanza, mzee William Hartnell, afya yake ilikuwa imedhoofika na hakuweza kuendelea. Badala ya kuifunga hadithi, wakambadilisha mtu mbele ya watazamaji, akaingia Patrick Troughton. Ndiyo maana hadithi hiyo imeweza kuishi zaidi ya miaka 60. Mwigizaji anakwenda, Daktari anabaki.

Kuna pia maadui, na wanaojulikana zaidi ni Dalek. Hao wanaishi ndani ya magamba ya chuma na imani yao ni moja tu: kila asiyekuwa Dalek hastahili kuishi. Aliyewabuni, Terry Nation, alikuwa mtoto wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, na alisema mwenyewe kwamba aliwafananisha na Wanazi. Watoto wetu wanacheka jinsi wanavyotembea kama ndoo zenye magurudumu. Lakini sisi watu wazima, hasa tuliotoka katika nchi za Maziwa Makuu, tukisikia chuki ya namna hiyo hatucheki. Tunaijua. Hapo mzazi ana nafasi nzuri ya kumwuliza mtoto: je, chuki kama hiyo huanzia wapi? Huanza kwa bunduki, au huanza kwa maneno?

HATA WALIOIANZISHA

Tusidhani hadithi hii iliundwa na wakubwa waliokwisha kujulikana. Mtayarishaji wake wa kwanza alikuwa mwanamke, Verity Lambert, akiwa na miaka 27 tu, wakati ambapo kazi hiyo ilikuwa ya wanaume. Mwongozaji wa hadithi ya kwanza, Waris Hussein, alizaliwa Lucknow huko India akapelekwa Uingereza akiwa mtoto. Kijana mgeni na binti mdogo waliwekwa mbele ya kazi ambayo wengi hawakuitegemea kufika mbali. Imefika.

WENYEWE WALIFUTA, WATOTO WAKATUNZA

Hapa ndipo penye kiini cha maneno yetu, kwa hiyo msomaji usichoke.

Zamani zile tepu za vidio zilikuwa ghali mno. Hapakuwa na mtu mwenye mashine ya vidio nyumbani. Tamthilia ikishaoneshwa na kuuzwa nchi za nje, ilionekana kazi yake imekwisha. Basi BBC ikawa inafuta tepu ili irekodi mambo mengine juu yake, na nakala za filamu nyingine zikatupwa. Uharibifu huo uliendelea hadi mwaka 1978. Katika miaka sita ya kwanza ya Doctor Who, kuanzia 1963 hadi 1969, zilitengenezwa sehemu 253. Nyingi zikapotea.

Lakini kumbe kuna watu walikuwa wanatunza bila kutumwa. Walikuwa watazamaji wa kawaida, wengine vijana wa shule. Hawakuweza kurekodi picha, kwa hiyo walirekodi sauti. Mtu anaweka kinasa sauti chake karibu na spika ya televisheni, anawaambia watu wa nyumbani wanyamaze, anabonyeza. Mwingine mwenye ufundi kidogo aliunganisha waya. Wakaandika tarehe kwenye kasha la tepu na kuiweka kabatini.

Matokeo yake ni nini? Picha za sehemu nyingi zilipotea, lakini sauti hazikupotea. Kila sehemu iliyopotea picha, sauti yake ipo hadi leo kwa sababu ya watoto na vijana wale. BBC yenyewe ilikuja kuzitumia sauti hizo. Mwaka 2006 hadithi moja iliyokuwa na sehemu mbili zilizopotea ilitolewa upya, na sehemu hizo mbili zikachorwa katuni juu ya sauti iliyotunzwa. Mwaka 2016 ikatolewa nyingine ya sehemu sita, zote zimechorwa. Yaani mwenye mali alikuja kupokea mali yake kutoka kwa mtoto aliyekuwa akikaa sakafuni na kinasa sauti.

Na picha nazo, nyingine zimerudi kutoka mbali. Kwa vile tamthilia iliuzwa nchi nyingi, nakala za filamu zilisambaa duniani. Mwaka 2013 ilitangazwa kwamba Mwingereza mmoja mtafutaji wa filamu za zamani, Philip Morris, amepata sehemu tisa zilizokuwa zimepotea. Alizipata wapi? Katika ghala la kituo cha televisheni mjini Jos, nchini Nigeria. Hadithi hizo zilioneshwa Uingereza mara ya kwanza mwaka 1967 na 1968. Zikafutwa London, zikalala salama Afrika kwa miaka mingi. Baada ya ugunduzi huo wa 2013, sehemu ambazo hazijapatikana zilibaki 97.

Wahenga walisema akiba haiozi. Walisema pia mali bila daftari huisha bila habari. Maneno haya mawili yanatosha kueleza habari nzima ya sanduku la buluu.

MASHABIKI WALIIVUSHA JANGWANI

Tamthilia ilisimamishwa mwaka 1989. Ukiacha filamu moja ya televisheni ya mwaka 1996, haikurudi mpaka tarehe 26 Machi 2005. Hesabu mwenyewe, ni zaidi ya miaka 15. Katika muda huo hadithi haikufa kwa sababu mashabiki hawakunyamaza. Waliandika majarida, waliandika vitabu, na kuanzia mwaka 1999 ikawa inatoka michezo ya kusikiliza tu kama ile ya redio.

Mmoja wa waliopenda hadithi hii tangu utoto ni Russell T Davies. Mwaka 1996, wakati tamthilia haipo hewani, aliandika kitabu cha hadithi ya Daktari. Ilipofika 2005, yeye ndiye aliyepewa kazi ya kuirudisha. Mwingine ni Peter Capaldi wa Scotland. Akiwa kijana wa miaka 15, barua yake ya kuisifu tamthilia ilichapishwa mwaka 1974 katika jarida la vipindi vya BBC. Mwaka 2013 alichaguliwa kuwa Daktari mwenyewe. Alisubiri karibu miaka 40, bwana!

Tuseme na upande wa pili, maana ushabiki una ubaya wake pia. Mwaka 2017 alipochaguliwa mwanamke wa kwanza kuongoza tamthilia, Jodie Whittaker, kuna mashabiki waliokasirika na kusema Daktari hawezi kuwa mwanamke. Ni kama tunavyoona kwa mashabiki wa Simba na Yanga: mtu anapenda timu mpaka anamtukana jirani. Ushabiki wa namna hiyo hautunzi kitu. Tuwafundishe watoto wapende bila kutukana.

MTOTO WA KIGALI

Sasa tunafika kwa yule ambaye vijana wetu wanamtaja kila siku. Anaitwa Mizero Ncuti Gatwa. Alizaliwa mwezi Oktoba 1992 huko Nyarugenge, Kigali. Mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, familia yake ilikimbia Rwanda. Yeye alikuwa hajatimiza miaka miwili. Walifika Scotland wakaanza maisha upya, kwanza Edinburgh, baadaye Dunfermline. Akasomea uigizaji mjini Glasgow. Baada ya shule mambo hayakuwa rahisi. Alifika London, fedha zikamwishia, akawa hana pa kukaa, analala kwa marafiki. Kisha mwaka 2019 akajulikana kwa tamthilia nyingine ya vijana. Mwezi Mei 2022 ikatangazwa kwamba yeye ndiye Daktari anayefuata, mtu mweusi wa kwanza kuongoza tamthilia hiyo. Ameigiza hivyo kuanzia mwishoni mwa 2023 hadi tarehe 31 Mei 2025, halafu naye akawaachia wengine, kama ilivyo desturi.

Wenye Kinyarwanda wanajua kwamba Mizero ni tumaini na Ncuti ni rafiki. Ndugu zetu Warundi wakisikia neno hilo la pili wanafikiria jamaa, mtu wa ukoo. Jina zuri kwa mtu wa kuingia nyumba za watu kila Jumamosi.

Lakini wazazi, hapa tuwe waangalifu. Tusiwaambie watoto, "Ona, na wewe utakuwa kama yeye." Waliokimbia mwaka ule ni wengi mno, na aliyepata nafasi hiyo ni mmoja. Tukiwaahidi watoto televisheni ya London tutawavunja moyo. Tuwaambie kilicho kweli. Daktari katika hadithi ni mtu aliyeipoteza nchi yake kwa vita. Anatembea na kumbukumbu zake tu, na kila anapofika analazimika kujieleza upya kwa watu wasiomjua. Hadithi hiyo iliandikwa na Waingereza kabla Gatwa hajaingia, lakini alipoingia yeye, ilikuwa kama nguo iliyopata mwenyewe. Mtoto wa kambini akiitazama anaona kwamba mtu asiye na kwao anaweza kuwa ndiye mwenye kusaidia wengine. Hilo si dogo. Mtoto aliyezoea kuitwa mhitaji tangu azaliwe anafaa alione.

KINYOZI WA LAGOS

Tukitaka kuwapendekezea sehemu moja ya kutazama kwa familia nzima, tunachagua ile iliyooneshwa tarehe 10 Mei 2025 iitwayo The Story & the Engine. Mahali pake ni saluni ya kinyozi mjini Lagos, Nigeria. Daktari anapenda kwenda pale kwa sababu anapokelewa kama mwenyeji. Lakini siku hiyo anakuta wateja wamefungiwa. Kila anayekaa kwenye kiti cha kunyolewa lazima asimulie hadithi, na hadithi hizo ndizo mafuta yanayoendesha chombo. Pasipo hadithi, chombo hakiendi.

Aliyeandika sehemu hiyo ni mshairi Inua Ellams. Naye alihamia Uingereza na wazazi wake akiwa mtoto. Alizaliwa wapi? Jos, mji ule ule ambapo filamu zilizopotea zilikutwa zimelala.

Sisi tukiitazama saluni ile tunaona saluni zetu za hapa kambini. Kiti ni cha mbao, mashine inasubiri umeme wa sola, na maneno hayaishi. Pale ndipo mzee wa Fizi na mzee wa Makamba hukutana, kila mmoja na ziwa lake la utotoni, ingawa ziwa ni lile lile moja la Tanganyika.

JAMBO LENYEWE

Sasa tunawajibu wazazi. Msiwakataze, ila wawekeeni mpaka. Shule kwanza, maji na kuni kwanza, usiku wasizurure. Watoto wadogo wasiachwe peke yao, maana kuna vitisho humo. Hata Uingereza watoto wanajulikana kwa kuitazama wakijificha nyuma ya kochi. Mkiweza, tazameni pamoja nao, mkae hata sehemu moja ya dakika 45. Asiyejua Kiingereza amwombe mtoto amtafsirie. Mtoto anayemtafsiria baba yake anajifunza lugha mbili kwa mpigo.

Halafu wageuzeni ushabiki huo uwe kazi. Waulizeni: wale watoto wa Uingereza walioshika kinasa sauti walitunza hadithi ya kubuni. Je, ninyi mnatunza nini?

Wapendwa, tulio wengi hapa tulikimbia bila picha. Vyeti viliungua, albamu zilibaki ukutani, mashamba yana majina ambayo hayajaandikwa popote. Kilichobaki ni sauti za wazee. Wale waliovuka ziwa mwaka 1996 wakiwa na miaka 50, leo wamepita 75 kama bado wapo. Kila mwaka tunawasindikiza makaburini, na kila tunapofukia tunafukia pia njia za kijijini, majina ya mababu, nyimbo za kulea watoto, jinsi ya kusuka wavu wa ndagaa, na habari ya nani alikuwa jirani mwema siku ya vita. Hakuna ghala la Jos ambapo nakala zao zimelala zikisubiri mtafutaji. Nakala ni moja tu, na yenyewe inakohoa usiku.

Leo simu ya mtoto ina kinasa sauti. Hata simu ya tochi, nyingine zinarekodi. Kwa hiyo kwa mwezi huu tunaziomba familia zifanye haya matatu:

1. Kila mtoto anayejiita mshabiki wa Daktari amrekodi babu au bibi mmoja kwa dakika kumi. Aombe ruhusa kwanza. Aanze na swali jepesi: "Ulipokuwa na umri wangu, asubuhi ulikuwa unaamka unafanya nini?" Mambo ya vita asiyalazimishe. Mzee akitaka atayasema mwenyewe, akinyamaza, heshima.

2. Aandike kwenye daftari jina la mzee, kijiji alichotoka na tarehe ya kurekodi. Sauti isiyo na jina baada ya miaka ishirini ni kelele tu.

3. Aweke nakala mahali pawili, yaani kwenye simu na kwenye memori kadi ya mtu mwingine. Simu huibiwa, simu huingia maji. Asiye na simu aandike kwa kalamu, inatosha.

Wasio na babu wala bibi hapa kambini, jirani mzee yupo. Atafurahi kuulizwa. Wengi hawajaulizwa kitu tangu siku ya kuandikishwa.

Tukiulizwa faida ya kuwa mshabiki ni nini, tutajibu hivi: mshabiki ni mtu aliyekipenda kitu mpaka akakubali kukitunza kabla wenyewe hawajajua thamani yake. Watoto wetu wameshajifunza kupenda. Sehemu ya kutunza tuwafundishe sisi, kuanzia wiki hii, wakati wazee bado wanaweza kusema.

Mkisharekodi, njooni mtusimulie mmepata nini. Tukipata ruhusa ya wazee, tutachapa baadhi ya hadithi zao katika toleo lijalo. Mpaka hapo, kaeni salama na mpendane. Tukutane mwezi ujao.